Rangi Nyekundu Kwenye Skrubu

Glasi ya bia ilipowekwa juu ya tangi la mafuta, imejaa pomoni, ua mzima wa baa ya Göller ulinyamaza. Kijijini Oberlauth ndivyo wanavyopima injini kila Aprili, wiki moja kabla ya Jumapili ya baraka za pikipiki. Injini inawashwa, inaachwa ingurume polepole bila kuongezewa mafuta, na glasi inatakiwa itulie. Ikitulia, aliyeitengeneza injini anainywa bia hiyo huku akishangiliwa. Ikimwagika, anapewa maji ya bomba, na watu wa Oberlauth, ambao kwa kawaida ni wapole, siku hiyo hawana huruma hata chembe.

Glasi haikutulia. Ilianza kwa kutetemeka, povu likachuruzika, kisha ikatembea yenyewe hadi ukingoni mwa tangi, ikaanguka kwenye mawe na kuvunjika.

"Mleteeni mtoto maji!" mtu akapiga kelele, na ua ukaangua kicheko.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kilian Stöcklein, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, mwenye gereji yake karibu na daraja. Pikipiki ilikuwa ya chama cha waendesha pikipiki wa kijiji, kuukuu, ya silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto kama masikio, na ubavuni ina kigari cha kumbebea padri siku ya baraka. Majira yote ya baridi Kilian alikuwa ameifungua injini ile na kuifunga upya bila kudai chochote, kwa sababu chama kina desturi yake: aliyeitengeneza ndiye anayemwendesha padri. Kwa Kilian ingekuwa mara ya kwanza. Mama yake alikuwa ameshanunua koti jipya la kuvaa siku hiyo.

Kicheko kilipopungua, watu wote waligeuka kumtazama Ottmar Hümmer, na Ottmar, niseme ukweli, alipenda kutazamwa.

Alikuwa fundi mstaafu, mzee wa miaka sabini kasoro, ndiye aliyemfundisha Kilian kazi tangu enzi zile Kilian hajui spana na bisibisi. Injini ya silinda mbili ina kabureta mbili, na kabureta hizo zinatakiwa kuvuta hewa sawasawa. Zisipolingana, silinda moja inavuta, nyingine inaburutwa, na injini nzima inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Mafundi wa siku hizi wanapima kwa vipimo vyenye mishale. Ottmar alipima kwa mirija miwili ya mpira aliyoitoa kwenye mashine ya zamani ya kukamulia ng'ombe. Ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni. Kabureta ya kushoto kwenye sikio la kushoto, ya kulia kwenye la kulia. Hapo angefumba macho, asikilize pumzi zile mbili, huku vidole vikizungusha skrubu taratibu mpaka pumzi zifanane. Akiridhika, anachukua kichupa cha rangi ya kucha ya mkewe na kudondosha tone jekundu juu ya kila skrubu. Likishakauka, basi. Hakuna aliyethubutu kugusa skrubu yenye rangi ya Ottmar. Kuikwangua ingekuwa sawa na kumtemea mate usoni. Jina lake la utani lilikuwa Sikio, na mtu akisema "Sikio ameshasema," ubishi uliishia hapo.

"Haya, Sikio," alisema Burkard Göller, mwenye baa na mwenyekiti wa chama. "Tuambie mgonjwa anaumwa nini."

Ottmar alijikohoza. Siku hizi alikuwa akiongea kwa sauti kubwa kuliko zamani, na watu walidhani ni maringo.

"Kabureta nimezisikiliza mimi mwenyewe jana. Zinalingana, hapo hakuna neno. Lakini ile ya kushoto, ili ivute sawa na mwenzake, nimelazimika kuifungua sana. Sana! Silinda nzima haibembelezwi namna hiyo. Valvu ya kushoto haizibi. Imesagwa vibaya."

"Nimeisaga kwa mikono yangu, fundi," Kilian alisema. "Nikaijaribu kwa petroli, haikuvuja hata tone."

"Basi mikono yako ndiyo mibaya."

Watu wakacheka. Hapo Ottmar angeweza kunyamaza, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mtu akishapata watu wa kuuchekea utani wake hanyamazi kirahisi. "Nilimwambia mama yake zamani," akaendelea, "huyu mpeleke kwa mwoka mikate. Mkate hata ukikaa upande, unalika!"

Mama yake Kilian alikuwa pale pale, karibu na mlango wa jikoni. Aliweka sahani aliyokuwa ameishika juu ya meza na kuingia ndani.

Kilian alimkaribia Ottmar upande wa kushoto, akasema jambo kwa sauti ya chini. Ottmar hakulidaka, kwa sababu ya kelele, alijiambia. Akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akampiga Kilian begani. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku hizi maneno yakimpita: kichwa, tabasamu, bega. Watu wengi walimwona amekuwa mzee mwenye upole.

Burkard akatoa uamuzi. Kilian aitazame injini upya. Na kama ikifika katikati ya wiki glasi haijatulia, padri ataendeshwa na Ottmar.

Kilian aliifungua silinda ya kushoto usiku ule ule. Akaisaga valvu upya, akaifunga, akamletea Ottmar. Ottmar akaketi nyuma ya pikipiki kwenye kigoda chake, akazirudisha skrubu zilipoanzia, akatia mipira masikioni, akasikia kushoto pumzi hafifu vile vile, akaifungua tena kupita kiasi na kuipaka rangi. "Bado," akasema. Kilian akairudisha, akaifungua tena, safari hii pande zote mbili, akabadilisha valvu kabisa na kupima nafasi ya tapeti zinazosukuma valvu mara mbili mbili. Jumatano akaileta. "Bado," akasema Ottmar, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, maana macho ya kijana yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Huruma yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na utamu wake. Mtu akikuhurumia wewe mwenye makosa, anajisikia mkubwa.

Alhamisi Kilian alikitundika kizibao chake cha chama kwenye kitasa cha mlango wa baa, akaondoka bila kuagiza kitu. Wateja wake wawili waliziondoa pikipiki zao kwenye gereji yake na kuzipeleka mji wa jirani. Kuhusu pikipiki tatu ambazo Ottmar mwenyewe alikuwa amezipima tangu Machi, na wenyewe wakarudi wakinung'unika kwamba zinatetemeka, hakuna aliyejiuliza lolote. Ottmar aliwaambia ni petroli ya siku hizi, imechanganywa na upuuzi mwingi, nao wakaondoka wakiilaani petroli.

Jumamosi asubuhi Ottmar alikwenda kwa kinyozi ili Jumapili aonekane nadhifu akimwendesha padri. Aliporudi aliikuta pikipiki ya chama gerejini kwake. Kilian alikuwa ameileta wakati Ottmar hayupo, makusudi, akaisukuma kinyumenyume akisaidiwa na Roswitha, mke wa Ottmar. Sasa mkia ulielekea ukutani na taa ya mbele ilitazama mlango.

"Kwa nini ameiweka hivi?" Ottmar aliuliza.

"Amesema kesho iwe rahisi kutoka," Roswitha alijibu.

"Nimeketi nyuma yake miaka yote. Sasa nitaketi wapi, ukutani?"

"Keti mbele. Injini ni ile ile."

Akanung'unika, akakivuta kigoda, akaketi mbele ya gurudumu la mbele, akiitazama injini uso kwa uso. Akaiwasha. Ikatetemeka kama kawaida. Akaipitisha mipira huku na huku ya gurudumu, akatia ncha masikioni, akafumba macho.

Kabureta ya kulia ilikuwa hafifu.

Akafumbua macho. Wiki nzima hafifu ilikuwa ya kushoto. Jambo la kwanza alilolihisi, na baadaye ndilo lililomuumiza kuliko yote, ni furaha. Kumbe kijana amevuruga na upande wa pili! Akawaza jinsi atakavyolisimulia kesho mezani, akawaza hata pa kusitisha sauti ili watu wacheke.

Kisha ufundi wake, ambao ulikuwa wa kweli, ukamzuia. Kuna jambo moja ambalo alimfundisha Kilian kabla ya mengine yote: usipojua kosa liko wapi, badilisha vitu pande. Plagi ya kushoto ipeleke kulia. Koili ya kushoto ipeleke kulia. Kosa likihama pamoja na kitu, basi kosa ni la kitu hicho. Lisipohama, acha kitu hicho, kamata kingine. Wiki hii alikuwa amehamisha plagi, waya, koili, kila kinachohamishika, na kosa likabaki kushoto limekaa kitako. Leo limehama, na kilichobadilika ni nini? Plagi ni zile zile. Skrubu zina rangi yake, nzima, haijakwaruzwa.

Alichohamisha leo ni kigoda tu.

Ottmar alivuta mpira mmoja, akaupuliza; ulikuwa mweupe ndani, hauna kitu. Akaubadilisha na mwenzake. Vile vile. Akachukua mpira mmoja tu, akauweka kwenye kabureta ya kushoto, akausikiliza kwa sikio la kulia: pumzi nene, nzito, ya mnyama anayekimbia. Akauhamishia sikio la kushoto, mpira ule ule, kabureta ile ile.

Akasikia kitu kama mtu anayefagia nyumba ya tatu.

Akaurudisha kulia. Mnyama. Kushoto. Mfagiaji. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka akitumaini ufunguo bado umo. Halafu akaizima injini na kubaki pale kwenye kigoda, nywele zake zimenyolewa vizuri.

Valvu ya Kilian ilikuwa haina neno tangu siku ya kwanza. Sikio la kushoto lilisikia hafifu, na yeye akazidi kuifungua kabureta ya kushoto ili ijitahidi kufika kwenye sikio lililokufa, mpaka silinda ile ikawa inavuta peke yake na kumburuta mwenzake. Yeye ndiye aliyeitetemesha injini. Glasi aliivunja yeye. Aibu ilimshika kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, si ile ya kuchekwa, maana hakuna aliyekuwa akimcheka. Ilimchoma uso akiwa peke yake, hata akafunika uso kwa viganja vyenye grisi.

Baadaye akainuka, akaikwangua rangi yake mwenyewe. Akapima kwa sikio moja, la kulia: mpira kwenye kabureta ya kushoto, kisha kwenye ya kulia, kisha kushoto tena, akirudisha skrubu robo kwa robo. Kazi haikumchukua muda. Injini ilitulia, ikawa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukafungua kichupa na kudondosha tone jekundu juu ya kila skrubu, kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

Roswitha alikuwa amesimama mlangoni.

"Imepona," alisema.

"Imepona."

"Ilikuwa na nini?"

Ottmar alifuta bisibisi kwa kitambaa, akaifuta tena. "Ni sikio. La kushoto."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ottmar, mwaka mzima natembea kulia kwako. Kanisani nakaa kulia. Kitandani nimehamia kulia, wewe ukadhani nafuata dirisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ulitikisa kichwa ukatabasamu."

Hilo lilimwingia. Aliketi tena. Roswitha hakuja kumshika bega. Alibaki mlangoni, na sauti yake haikuwa ya upole sana.

"Na yule kijana alikusubiri."

"Nani? Lini?"

"Kilian. Siku ile glasi ilipovunjika. Alikwambia mbele yangu, 'Fundi, naomba uje jioni tuitazame pamoja, mimi nimeshindwa.' Ukatikisa kichwa. Ukampiga begani. Mama yake anasema alipanga viti viwili gerejini, akakaa macho mpaka bia ikapoteza povu. Sikufikiria kwamba alisimama upande wako mbovu, nikadhani umebadili mawazo kwa kiburi. Nilikuona mtu mbaya, Ottmar. Wiki nzima nimekupikia nikikuona mtu mbaya."

"Sikumsikia."

"Sasa najua. Yeye hajui." Akakunja mikono. "Utamwambia?"

"Nitamwambia. Jumatatu, nitakwenda kwake taratibu, tukiwa wawili tu."

"Jumatatu padri atakuwa ameshashuka kwenye kigari."

Akaondoka kwenda kutazama viazi vyake jikoni. Ottmar alibaki na injini iliyopona. Akajipa sababu nyingi: watu watakosa imani na kazi zote alizowahi kufanya, chama kitachekwa na vijiji vya jirani, Kilian ni kijana, ana miaka mingi mbele ya kumwendesha padri. Sababu zote zilikuwa na akili, na kila moja ilimfanya ajione mdogo zaidi. Usiku alilala upande wa kushoto kama kawaida yake, akiwa amelikandamiza sikio bovu kwenye mto, na akajua pia kwa nini alikuwa anapenda kulala hivyo. Lile zima lilikuwa linalinda nyumba.

Jumapili palikuwa na jua. Uwanja wa kanisa ulijaa pikipiki mpaka kwenye ukuta wa makaburi, watoto wameketi juu ya matangi ya baba zao, harufu ya soseji za kuchoma imechanganyika na ya petroli. Padri Engelhardt, mtu mnene mwenye pumzi fupi, alijisokomeza ndani ya kigari akiwa na ndoo ya maji ya baraka mapajani na brashi ya kunyunyizia mkononi. Burkard Göller akaja na glasi iliyojaa pomoni, akaiweka juu ya tangi.

"Washa, Sikio!"

Ottmar akapiga kiki. Injini ikaitika mara moja. Watu wakanyosha shingo. Bia ilitulia kwenye glasi kana kwamba imewekwa juu ya altare, povu halikutikisika.

Makofi yakalipuka. "Sikio! Sikio!" Mtu alipiga honi, wengine wakafuatia. Burkard aliinua mikono. "Mwanafunzi kaharibu, fundi katengeneza!" akapaza sauti. "Kunywa, mzee, hii ni haki yako!" Akaichukua glasi na kumtia mkononi.

Ottmar aliishika. Kupitia vichwa vya watu alimwona Kilian kwenye ukuta wa makaburi, amevaa koti la kawaida la kazini, hana kizibao, hana pikipiki. Kwa nini alikuja? Pembeni yake alisimama mama yake, na mama yake alikuwa amelivaa lile koti jipya, la bluu, vifungo vyote vimefungwa. Alikuwa amelivaa hivyo hivyo, kumsindikiza mwanawe kwenda kutazama mwingine akiendesha.

Glasi ilikuwa imeshafika kwenye midomo ya Ottmar. Ilinuka shayiri. Akaona akimeza hata funda moja, hataweza tena kulitapika.

Akaizima injini. Makofi yakayumba, yakaisha.

"Injini hii haikuharibiwa na mtu," Ottmar alisema. "Niliiharibu mimi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani utani unakuja.

"Usicheke, Burkard. Valvu za Kilian hazina neno, hazikuwahi kuwa na neno. Sikio langu la kushoto limekufa. Nilikuwa naifungua kabureta ya kushoto ili niisikie, nikaifungua kupita kiasi, glasi ikaanguka, nikamlaumu yeye. Nikamtukana mbele ya mama yake. Na nyinyi watatu, mnajijua, petroli yenu ni nzuri tu. Pikipiki zenu nazo niliziharibu mimi."

"Ottmar," padri alisema kutoka kwenye kigari, "polepole, utaniamshia hawa wa makaburini."

Watu wakacheka kidogo, na hapo tu Ottmar alitambua kwamba alikuwa akipiga kelele. Uso ulimwaka. Aliendelea kwa sauti ambayo yeye mwenyewe aliiona ni mnong'ono, na labda ndiyo ilikuwa sauti ya kawaida.

"Bia hii si yangu. Na kiti hiki si changu. Mwiteni."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Kilian alikuwa anakuja, watu wakimpisha, na hakuna aliyempiga begani maana hakuna aliyejua kama anastahili kumgusa. Burkard alikitoa kizibao ndani ya koti lake, alikuwa amekuja nacho sijui kwa nia gani, akamnyoshea, Kilian hakukipokea. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, akasimama upande wa kushoto wa Ottmar, karibu kabisa, akasema jambo kwa sauti ya chini.

Ottmar aliona midomo ikicheza. Aliona waliokuwa karibu wakitazama chini, Burkard akageuza uso, padri akashughulika na brashi yake. Kilikuwa kitu kizito, na hakujua ni kitu gani. Shingo yake ikaanza yenyewe: kichwa kilishaanza kushuka kukubali, tabasamu lilishaanza kufika.

Akalizuia. Akageuka mwili mzima pale kitini, akampa Kilian shavu la kulia, kama mtu anayesubiri kibao.

"Sikusikia," alisema. "Tafadhali rudia."

Kusema makosa yake mbele ya kijiji kulikuwa rahisi kuliko maneno hayo. Kwa Kilian, kulisema jambo lile mara ya kwanza, kwa hasira, kulikuwa kazi nyepesi. Sasa ilimbidi alipaze.

"Nimesema nilishuku. Jumatano nilishuku. Nilikuwa na vipimo mkononi, dakika moja tu ningejua. Nikaiona rangi yako, fundi, nikavirudisha kwenye kabati. Niliona afadhali niwe mjinga kuliko nikukosee adabu." Akanyosha kidole kwenye skrubu. "Sitafanya tena. Kuanzia leo nikiiona rangi yako, naikwangua kwanza, halafu ndiyo nakusalimia."

Mama yake, mwenye koti la bluu, alisikia. Uwanja mzima ulisikia. Na Ottmar, safari hii, alisikia kila neno, na hapakuwa na neno hata moja la kubishia.

"Sawa," akasema. Akashuka. Aliiweka glasi chini, kwenye nyasi, akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake zuri la Jumapili ambamo, kama kawaida ya fundi yeyote, mlikuwa na bisibisi. Akamkabidhi.

"Anza na hii," alisema. "Niliipaka jana."

Kilian aliipokea. Akapiga magoti kwenye vumbi upande wa kushoto wa injini, akaikwangua rangi ile mpaka skrubu ikang'aa. Skrubu yenyewe hakuigusa. Kisha akainuka, akazunguka mbele ya gurudumu, akapiga magoti upande wa pili kati ya injini na kigari, padri akamsogezea ndoo, naye akaikwangua ya kulia. Hakuharakisha. Ottmar alisimama pale pale, kichwa wazi, mbele ya watu wote, akatazama hadi chembe ya mwisho.